Honi Nyuma ya Skrepa

Nimeshuka. Mwezi uliopita nilizima injini ya skrepa yangu ya mwisho, nikachomoa ufunguo, nikakaa kidogo kwenye kiti mpaka joto likaanza kutoka, kisha nikateremka ngazi kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Si kwamba nilichoka. Mgongo ndio ulioomba ruhusa. Daktari mmoja wa Kisumu alipoitazama picha ya uti wangu aliniuliza nimekuwa nikifanya kazi gani maisha yangu yote. Nilipomwambia, aliwaita wenzake waje nao waione. Hata mifupa yangu, bwana, watu huitana kuja kuitazama.

Siku ya kuagana mliniomba, ninyi mnaobaki na mashine, niyaandike niliyoyapitia. Shule niliiacha darasa la nne, tena mwaka haujaisha, kwa hiyo msitafute nukta na mkato mahali pake. Tafuteni udongo. Udongo wa nchi hii, kuanzia Nyakach mpaka Asembo, sehemu kubwa nimeuhamisha mimi, na ukinibishia nitakupeleka nikuonyeshe ulikokuwa na uliko sasa.

Kwa kuwa najua wake zenu nao watasoma, nieleze kwanza skrepa ni kitu gani. Mbele ni trekta yenye magurudumu marefu kunipita, na mimi si mfupi. Katikati ni bakuli la chuma ambalo ng'ombe wa mahari wangeingia na kukaa humo bila kusukumana. Chini ya bakuli pana kisu, nyuma kuna magurudumu mengine, na mwisho kabisa bampa nene ya chuma. Skrepa hushusha tumbo lake chini, ikakwangua ardhi huku inatembea, ikajaa, ikafunga mdomo, ikakimbia na mzigo wake, halafu ikaenda kuumwaga na kuutandaza mahali pengine bila kusimama. Tingatinga husukuma tu. Greda hupamba. Lori hubeba kilichochimbwa na mwingine. Skrepa hufanya yote, na ndiyo sababu maopereta wa skrepa tuna sifa ya kujisikia. Si majivuno. Ni maelezo ya kazi.

Mara ya kwanza kuiona ilikuwa miaka ya themanini, barabara ya kuteremka Asembo Bay ilipokuwa ikitengenezwa. Niliajiriwa kufyeka vichaka. Nilikuwa na panga mkononi nilipoisikia inakuja, nikasimama kando, ikapita mbele yangu ikila ukingo wa kilima kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ilipogeuka na kurudi tupu, kilima hakikuwa kile nilichokuwa nikikijua. Nililitupa panga. Foman aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia ninakwenda kwenye kazi yangu. Akaniambia kazi yangu ni vichaka. Kufikia jioni alikuwa amenifukuza, na kesho yake asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye kontena la mafundi nikiomba kazi ya kupaka grisi.

Mkubwa wa mafundi pale alikuwa Mistri Balwant, Kalasinga wa Kisumu, mtu mzito mwenye ndevu za mvi na kilemba cha bluu. Miaka yote niliyomjua, mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko, lakini kile kilemba sikukiona hata siku moja kikiwa na tone. Tulijaribu kumchunguza. Hatukupata jibu. Alinitazama viatu, akanitazama uso, akanipa bomba la grisi, akanielekeza chini ya skrepa. Nilijaza kila chuchu, kile kitundu cha kupokelea grisi, niliyoiona, nikatoka nimelowa mafuta na furaha. Akauliza, "Kwisha?" Nikasema imekwisha. Akaniambia, "Iko moja bado," akaenda kunywa chai. Nilirudi chini. Nikatoka. Iko moja bado. Mpaka saa sita nilikuwa naijua ile mashine kwa vidole kuliko ninavyoijua nyumba yangu, na ile moja niliipata imejificha nyuma ya pini ya shingo, mahali ambapo mkono hupita tu ukiwa umekunja kidole gumba. Hadi leo najua skrepa gani ina opereta na ipi ina dereva tu: nipitishe mkono pale.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuiendesha, wakati wa chakula, wenzangu wakiwa wamelala kivulini. Hakuwa na maneno mengi. Kata nyembamba, kata ndefu, kwa sababu kisu kikizama sana utazima injini na kuonyesha watu wote wewe ni nani. Jaza ukiteremka, usijaze ukipanda. Ukikimbia na mzigo, weka bakuli chini, karibu na ardhi, liwe karibu kama mkono wa mama na mtoto anayejifunza kutembea. Niliuliza kwa nini. Akasema siku moja breki zitakwisha na nitajua kwa nini.

Siku hiyo ilifika kwenye ule mteremko wa Asembo, nikiwa opereta kamili, bakuli limejaa. Nilikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu chochote. Mbele yangu wanawake walikuwa wanapandisha samaki kutoka ufukweni, karai kichwani, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha nia ya kunipisha. Niliangusha bakuli. Kisu kiliingia ardhini, mashine yote ikainama, mimi nikaruka kutoka kwenye kiti nikarudi, na tukasimama, vumbi likatufunika sote. Lilipotulia, mama wa mbele alikuwa ananitazama kutoka umbali usiozidi urefu wa jembe. Alishusha karai lake, akafunua jani.

"Sasa umesimama," akasema, "unanunua au unapita?"

Nilinunua. Sijawahi kula samaki watamu kama wale ngege.

Sasa nifike kwa mtu ambaye bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi, ingawa nikimwambia hivyo hatalala kwa kiburi. Skrepa ya aina yetu ina nguvu ya kukimbia na mzigo, lakini kujaza lile bakuli kwa magurudumu yake yenyewe haiwezi. Lazima tingatinga lije nyuma, liguse ile bampa, lisukume mpaka bakuli lijae. Opereta wa skrepa humwona anayemsukuma kwa shida sana, kuna chuma na vumbi katikati yenu. Unamsikia tu. Akikugonga kwa hasira, shingo yako inalia. Akikugusa vizuri, unahisi tu kwamba kilima kimekuwa laini ghafla. Aliyenisukuma mimi ni Oloo, mtu wa Asembo, mfupi, mpana, mwenye mabega yaliyoanzia masikioni. Tulikutana kwenye barabara ile ile na hatukuachana.

Sisi Wajaluo tuna pakruok. Mtu husimama mbele ya watu, muziki ukakatwa kwa ajili yake, akajitaja kwa jina lake la sifa, akataja kwao akisema yeye ni wuod, yaani mwana, wa mahali fulani, akajipandisha mpaka paa la nyumba, watu wakapiga kelele, muziki ukaendelea. Mimi na Oloo tuliipeleka kazini. Kila asubuhi, injini zikipashwa moto kando ya mapipa ya dizeli, yeye alisimama juu ya mnyororo wa tingatinga lake na mimi juu ya ngazi yangu. Alikuwa akisema, "Mimi Oloo, wuod Asembo, Mgongo wa Kiboko. Nikiegemea, hata kisichotaka kinasogea." Nami nilijibu, "Mimi Ogutu, wuod Nyakach, Mla Vilima. Nikifungua mdomo, ramani ya serikali inachorwa upya." Vibarua walipiga makoleo kwa furaha, na kazi ikaanza. Baadaye mchana, kwa kuwa makelele ya injini hayakuruhusu maneno, tulitumia honi. Yake ilikuwa fupi, fupi, ndefu. Nikiisikia nyuma yangu, nilishusha bakuli. Mimi nilijibu kwa moja ndefu, naye akaegemea. Hakuna aliyegusa chuma cha mwenzake kabla ya salamu. Mafoman wengi walituona wazimu, lakini katika miaka yetu yote bampa yangu haikupata ufa.

Ndipo nikawa kontrakta. Mistri Balwant alikuwa na skrepa kuukuu aliyoiokota ikiwa imekufa, akaifufua mwenyewe kwenye gereji yake kule Kisumu upande wa viwandani. Ilitokea kazi ndogo ambayo makampuni makubwa hayakuitaka, kuchimba silanga, yaani bwawa la maji, nyuma ya soko la Pap Onditi. Pap Onditi ni kwetu. Mistri aliniita, akagonga mlango wa ile mashine kwa spana, akasema maneno ambayo nayakumbuka kama alivyoyasema. "Ogutu, wewe maliza hii silanga, mashine iko yako. Kama wewe shindwa, mashine rudi hapa, na wewe rudi chini yake na grisi." Tulipeana mikono. Oloo alikuja na tingatinga la kukodi, kwa sababu nilimwambia bila yeye siendi. Hilo nalo nilimwambia tukiwa wawili tu, mliweke akilini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupendeza. Kuna kijito kinachoteremka kutoka vilima vya Nyabondo, ambacho wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu na wakati wa mvua ni fujo. Tulipaswa kuchimba shimo pana, kisha kwa udongo huo huo tujenge tuta la kukizuia kijito, ili wanawake wa kwetu waache kwenda mbali na mitungi. Udongo ni ule mweusi wetu. Ukiwa mkavu ni jiwe, ukilowa ni uji, na katikati kuna siku chache ambazo ni udongo. Mama yangu ndiye aliyetupikia. Alikuwa na sufuria zake kando ya saiti na maoni yake kuhusu kila kitu, kuanzia kina cha shimo hadi jinsi nilivyokuwa nageuza kona.

Tuta lilisimama pande zote mbili, likabaki pengo katikati, mahali kijito kinapopita. Injinia aliyekuwa akitukagua alikuja, mtu mpole, akatazama kazi akaisifu, halafu akatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya juu ya Nyabondo. Alituambia waziwazi. Mvua ikikuta pengo limefungwa, tuna silanga. Ikilikuta wazi, maji yatapita kwa nguvu pale katikati, yatakata tuta letu vipande, yatashuka mpaka mashamba ya watu, na yeye hatakuwa na la kufanya ila kutafuta kontrakta mwingine. Alisema kwa huzuni, lakini alisema.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Habari zilikuwa zimeenea kwamba leo mtoto wa kwetu anafunga mto, na watu walikuja kwa wingi kuliko waliokwenda sokoni. Walikuwepo niliosoma nao, wale waliomaliza shule. Walikuwepo wajomba. Walikuwepo wazazi wa msichana ambaye nilikuwa na mipango naye. Oloo alipanda juu ya mnyororo akasema yake kama kawaida, watu wakashangilia. Zamu yangu ikafika. Nikapanda ngazi, nikatazama ule umati, na ninyi mlio waungwana semeni kama mngejizuia. Nikasema mimi Ogutu, wuod Nyakach, Mla Vilima. Nikasema ramani inachorwa upya. Halafu kelele zikawa tamu, nikaongeza.

"Anayekula kilima peke yake. Hasaidiwi na mtu."

Umati ulilipuka. Wajomba walirusha kofia. Niligeuka kumtazama Oloo, nikakuta anawatazama watu, si mimi. Akashuka taratibu, akaingiza mkono ndani, tingatinga likazima.

"Basi kula," akasema, akaketi kwenye mnyororo wake na kunyoosha miguu.

Niseme hapa kwamba pakruok ni pakruok, na jina la sifa halipimwi kwa mizani. Kila mtu anajua. Lakini Oloo alinieleza baadaye kwamba ukijisifu kwa nguvu zako, hilo ni lako, sema unavyotaka. Ukimfuta mwenzako mbele ya watu waliokuwa wamemsikia sasa hivi, hapo umekula vya watu. Sikubaliani naye kabisa. Namwelewa tu.

Niliwasha, nikaenda kwenye machimbo peke yangu. Nilishusha bakuli, kisu kikaingia, magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale na kutoa moshi. Nikapandisha kidogo, nikapata udongo kiasi cha kujaza karai. Nikazunguka, nikarudi. Nilijaribu kwa mteremko, nikajaribu kwa kasi, nikajaribu kukata nyembamba kama karatasi. Kila safari nilikwenda kumwaga kwenye pengo kiasi ambacho mama mwenye kikapu angekibeba bila kulalamika. Umati ulianza kucheka, si kwa ubaya, kwa raha tu, kama watu wanaotazama mpira. Nilipopita karibu na sufuria, mama yangu alipaza sauti ili injini isimshinde.

"Ogutu, mashine yako inachimba kama kuku."

Saa ya chakula nilishuka nimefura. Ugali ulikuwa tayari, na omena wa kukaanga na nyanya. Mama alipakua sahani moja kubwa, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kichuguu, akampelekea Oloo pale alipoketi. Nikauliza yangu iko wapi.

"Wewe umekula kilima kizima peke yako," akasema. "Ukiongeza ugali utavimbiwa. Huyu mtoto wa watu hajala kitu tangu asubuhi."

Wakati huo Mistri Balwant akatokea na pikapu yake, ameniletea vichujio vya dizeli. Alilitazama tingatinga lililolala, akaitazama skrepa, akanitazama mimi nisiye na sahani, na watu wakamhadithia kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilitegemea angalau yeye ataniunga mkono. Alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akaniambia, "Hii injini mimi nimefunga na mkono yangu. Nguvu yake mimi najua. Kuvuta peke yake, haiwezi. Wewe pia mimi najua." Akanywa chai. "Haiwezi." Halafu akakaa kwenye matigadi ya pikapu kutazama kama wengine.

Upepo ulikuwa umegeuka. Ulikuja wa baridi kutoka mlimani, na lile wingu la Nyabondo lilikuwa limeshuka hadi mgongo wa kilima hauonekani. Wanaume wenye mashamba chini ya tuta hawakuwa wanacheka tena. Nilimwendea Oloo, nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia kwa sauti ya chini: omera, ndugu yangu, yale maneno tuyaache, mvua hiyo, twende kazi.

Aliendelea kutafuna. "Sisikii," akasema. "Asubuhi ulipokuwa juu ya ngazi nilisikia vizuri sana."

Nikaelewa. Katika pakruok neno halirudishwi, kwa sababu limekwisha kunywewa na watu. Huwezi kuomba radhi, hakuna mahali pa kuiweka. Unachoweza ni kusema lingine kubwa zaidi, mahali pale pale, kwa sauti ile ile. Na mimi, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumsifu mtu mwingine hadharani, nikaanza kuipanda ile ngazi nikiwa sijui nitasema nini. Mistri aliweka kikombe chini. Mama alizima moto wa sufuria.

Nikasema, "Mimi Ogutu, wuod Nyakach, Mla Vilima."

Hakuna aliyeshangilia. Hilo walikuwa wamelisikia.

"Ninayesukumwa na Mgongo wa Kiboko," nikasema. "Tembeeni ziwa hili lote, kuanzia hapa mpaka Luanda Kotieno, mniletee mtu mwingine anayesukumwa na mtu kama huyu. Ninyi mna wake, mna ng'ombe, mmesoma. Nani anawasukuma?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu wengine. Oloo alikuwa amesimamisha tonge hewani.

"Ongeza," akasema.

"Kilima kikiniona mimi, kinaogopa. Kikisikia honi nyuma yangu, kinahama chenyewe."

Wajomba walirusha tena zile kofia. Oloo alimeza tonge, akanawa mikono bila haraka, akafuta kwenye suruali, akapanda. Tingatinga liliwaka mara moja, likatoa moshi mweusi juu. Nikakimbilia kitini. Nilipofika kwenye machimbo niliisikia: fupi, fupi, ndefu. Nikajibu, nikashusha bakuli, na bega la chuma likanigusa nyuma kwa upole kama hakuna kilichotokea. Udongo ukaanza kupanda ndani ya bakuli kama maziwa yanayochemka.

Hatukusimama. Bakuli lilijaa, nikakimbia, nikamwaga, nikarudi, honi, bega, nikajaa tena. Nimefanya kazi nyingi kubwa baada ya ile, lakini mchana ule sikuwa nafanya kazi, nilikuwa nacheza, na watu wa kwetu walikuwa wakiimba kando ya shimo bila mimi kuyasikia maneno. Matone ya kwanza yalinipiga kwenye mkono nikitandaza bakuli la mwisho juu ya pengo. Oloo aliteremka na tingatinga akalikanyaga lile tuta, kwenda na kurudi, huku mvua ikimwagika juu yake kama imefunguliwa bomba. Kisha tuliiondoa mitambo, tukasimama wote tumelowa, kungojea maji.

Yalikuja yakiwa na rangi ya chai ya Mistri, yamebeba majani na vijiti, yakagonga tuta. Yakarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa mahali alipozoea kupita. Yakazunguka, yakaanza kupanda polepole ndani ya shimo, na kule chini mashambani hakukuwa na kitu ila mvua ya kawaida. Mama yangu alikwenda hadi ukingoni na sufuria, akachota, akatazama.

"Sasa umechimba," akasema.

Mistri Balwant aliniwekea ufunguo mkononi pale pale kwenye mvua, kilemba chake kikiwa kimefunikwa kichwani kwa mfuko wa nailoni. "Mashine yako," akasema. "Grisi pia yako."

Baada ya pale tulifanya mengi. Tulifanya uwanja wa shule ambao hapo awali mpira ukitoka nje unaokotwa bondeni. Tulichonga barabara ya kuteremka Luanda Kotieno, na watu wakifika kwenye feri ya kwenda Mbita bila vumbi kwenye meno wanashukuru serikali, wakati walipaswa kunishukuru mimi. Nilinunua skrepa ya pili. Nikaoa yule msichana, ambaye wazazi wake walisema walikubali walipoona tuta limeshika. Oloo alinisukuma mpaka miaka ya tisini ikakaribia kuisha, na kila asubuhi alisema lake na mimi nikasema langu, sasa likiwa refu zaidi, na ile sehemu ya mwisho haikutolewa tena. Ndivyo lilivyokuwa jina langu. Na ni jina zuri kuliko lile la kwanza, hata mimi nakubali.

Oloo alipostaafu kabla yangu, nilihamia kwenye skrepa ya kisasa, ile yenye ngazi ya mnyororo ndani inayojipakulia udongo yenyewe. Haihitaji kusukumwa. Ni mashine nzuri, sitaisema vibaya, na ninyi mnaoipanda mnafanya kazi njema. Lakini asubuhi ya kwanza nilifika kwenye machimbo, nikashusha bakuli, nikangoja. Nikazidi kungoja. Opereta wa roli ya kushindilia udongo alishuka akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Nami nikaanza kufikiria habari ya kushuka.

Jumamosi iliyopita nilifanya sherehe ndogo nyumbani Pap Onditi. Mvua ilinyesha asubuhi, na nilipokuwa narudi na soda kutoka sokoni, pikapu yangu ilizama kwenye ule udongo mweusi, kando kabisa ya silanga langu, wageni wote wakiona. Wakwe zangu walikuwa wamekaa chini ya turubai. Mama yangu, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya kutazama. Niliongeza mafuta, magurudumu yakazunguka pale pale. Nikasikia mtu akisema kuku.

Halafu nyuma yangu mtu akapiga honi kwa mdomo wake. Fupi, fupi, ndefu.

Niliangalia kwenye kioo, nikaona mabega tu. Oloo alikuwa amekuja kutoka Asembo kwa miguu yake tangu stendi, suruali amekunja magotini, mikono iko kwenye bampa, lakini haegemei.

"Sema kwanza," akasema.

Nikatoa kichwa dirishani kwenye mvua, nikalisema jina langu lote, kuanzia wuod Nyakach mpaka mwisho wake, mbele ya mama yangu na wakwe zangu. Ndipo nikahisi bega likigusa, na pikapu ikaondoka matopeni kana kwamba ardhi imekuwa laini.